Nani Atamwitikia Mkumbi

Jumapili, Kihagara. Upepo wa mwera umevuma tangu alfajiri, ziwa limechafuka, mitumbwi yote imevutwa juu mchangani, na mchanga wenyewe umeingia hadi kwenye kopo langu la sukari. Nimechoka. Sijalima, sijabeba kitu, nimekaa tu kwenye kikao cha ukoo wa watu, na nimechoka kama niliyetwanga kutwa.

Nimeandika humu mara nyingi kwamba mimi ni mpangaji. Nafagia upande wangu wa ua, nasalimia watu, naingia ndani, nafunga mlango. Kwetu ni Kondoa. Serikali ndiyo iliyonileta huku kufundisha Kiingereza sekondari, na serikali hiyohiyo itaniondoa siku ikitaka. Mambo ya familia za watu siyatii mkono.

Leo nimetia mkono, mguu na mdomo.

Mwenye nyumba wangu ni Mwalimu Otmari, mstaafu. Alifundisha shule ya msingi ya hapa miaka mingi, na karibu kila mtu mzima wa kijiji hiki alipita mikononi mwake. Kiingereza chake hakukifundishia darasani peke yake. Alikifundishia kwenye shamba la shule. Jembe likiwa juu, Mwalimu anataja neno. Darasa zima linaitikia maana, ndipo jembe linashuka. Na neno lenyewe lazima liwe refu, na liishie na herufi zilezile nne, t-i-o-n. Watu wakayaita masheni. Yeye mwenyewe mpaka leo ni Mwalimu Sheni.

Kwa nini herufi hizo tu, hakuna anayejua vizuri. Mdogo wake, Mzee Kosmas, anasema kaka yake aliamini kwamba mtoto akiweza kulitamka neno refu namna ile bila kuuma ulimi, hatakuja kutishwa na mtu yeyote mwenye meza.

Maana hazikutoka kwenye kamusi. Alizitunga mwenyewe. Cultivation, kilimo, jembe mkononi. Examination, mtihani, adui wa mvivu. Evaporation, maji kupanda mbinguni. Determination, kupiga moyo konde. Fermentation, togwa kuchacha. Peaceful negotiation, mazungumzo bila ngumi. Constipation, kukosa choo, na hapo, nasikia, hata vizazi vitatu vya wanafunzi havikuwahi kumaliza bila kucheka. Na kama kuna mtoto aliyenyamaza, Mwalimu alilirudia neno lile huku majembe yote yamening'inia hewani. Mzee Kosmas anasema wenye mikono myembamba walikuwa wanalia. Hakuna jembe lililoshuka kwa sauti ya mtu mmoja.

Mara ya kwanza kuyasikia niliona wivu, acha niseme ukweli. Kidato cha pili changu hawawezi kuniambia kwa Kiingereza wamechelewa kwa nini, halafu mama anayeuza maandazi pale njia panda ananirushia determination huku anahesabu chenji.

Masika yaliyopita Mwalimu Otmari alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa, na maneno yakaondoka yote, Kiswahili na Kinyasa. Aliweza kulia, aliweza kucheka, basi. Binti yake Skola ndiye anayemtunza. Skola alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, anaishi kwa kukausha usipa, dagaa wa ziwa hili, na kuwauzia wachuuzi wanaokuja kutoka Mbinga. Chanja zake ziko mbele ya baraza, hatua chache tu, na wanawake wengine wa jirani wanaanika palepale. Nguo zangu zote zinanuka dagaa. Nimezoea.

Basi siku moja amekaa barazani kwenye kiti chake, wanawake wanageuza usipa, akainua mkono wa kushoto na kusema, sauti nzito kabisa: Cultivation! Wale wanawake hata hawakuinua vichwa. Wakaitikia kwa pamoja: "Kilimo, jembe mkononi!" Mkono ukashuka. Ndipo wakashtuka. Mmoja akadondosha ungo, Skola akaja anakimbia, watu wakajaa, ikawa vigelegele kama harusi.

Tangu hapo anasema. Masheni tu. Anasema manne, matano, anachoka, anasinzia. Barazani tu, wanawake wakiwepo. Ndani ya nyumba hasemi kitu, hata Skola ambembeleze vipi. Nilidhani ni hewa ya nje inamfaa.

Dirisha langu linatazama baraza. Nasahihisha madaftari pale, kwa hiyo nasikia kila kitu nitake nisitake. Na nikagundua jambo ambalo sikumwambia mtu. Maneno yanafuatana. Yana mpangilio wake uleule wa shambani, na yeye anaendelea kutoka pale alipoishia jana. Mgeni akimuuliza amelalaje, anajibiwa neno linalofuata. Padri alipomuuliza kama anataka kukomunika, alijibiwa fermentation. Watu wakatafsiri. Wakasema mzee anakumbuka divai. Mimi nikanyamaza zangu. Mpangaji.

Sasa, Betram. Ni kaka yake Skola, mtoto wa kwanza, ana kahawa yake kule Mkumbi. Amekuja juzi na gari la kukodi, nyuma kumetandikwa godoro jipya ambalo bado lina nailoni. Amekuja kumchukua baba.

Sababu zake si za kijinga. Mkumbi si mbali na mjini Mbinga, kuna hospitali na mtu wa kumnyoosha viungo. Nyumba yake ina sakafu nzuri na choo cha ndani. Skola anamnyanyua baba peke yake asubuhi na jioni, na mgongo wake mwenyewe sasa unamsumbua. "Nitazika wawili," ndivyo Betram alivyosema, na hakusema kwa ubaya.

Skola naye alinifuata kisimani Ijumaa. Akasema Mkumbi saa hizi kuna baridi ya kukata mifupa, baba hajawahi kulala mahali ambapo hasikii ziwa. Halafu akajaza ndoo, akasema lile lililokuwa moyoni: "Akiondoka baba, Madam, mimi hapa nabaki kama nani?" Nilimsaidia kujitwisha.

Mzee Kosmas ndiye aliyekata shauri. Akasema ugomvi wa nini na mwenyewe yupo hai? Jumapili baada ya misa watu wakutane barazani, Mwalimu aulizwe. Atakachosema ndicho. Wote wakakubali, na mimi nikaalikwa, kwa sababu ni mwalimu wa Kiingereza na si ndugu, nihakikishe hakuna anayepindisha.

Jana jioni Mwalimu aliishia preparation, maandalizi kabla ya jua. Nikiwa na kalamu nyekundu mkononi nikahesabu yanayofuata, kisha nikahesabu tena. Linalofuata ni transportation. Usafirishaji wa watu na mizigo.

Asubuhi ya leo, kabla ya kengele ya kanisa, nikasikia nyayo barazani. Jumapili hakuna anayeanika, lakini Skola alikuwa amewaita majirani wawili watatu, wamejitanda vitenge, wanapiga miayo. Wamemtoa mzee nje kwenye upepo ule na blanketi. Mkono ukapanda. Transportation! Wakaitikia. Population! "Idadi ya watu, wazee na watoto!" wakaitikia. Skola akasema, "Inatosha, baba, pumzika," na majirani wakaondoka haraka haraka kama watu waliochuma mahindi ya mwenzao.

Skola aliponyanyua macho akaniona dirishani. Tukatazamana.

"Umeamka, Madam?"

"Nimeamka."

Basi. Lakini wote wawili tulijua neno linalofuata.

Kikao kilijaa. Waliokuja ni wengi kuliko ukoo. Nusu ya kijiji ilijikuta ina udugu na Mwalimu leo. Mikeka ikatandikwa, wazee wakapewa mabenchi, Betram akakaa mbele na shati lake la kanisani. Shikamoo zikapita mpaka zikaisha. Mzee Kosmas akasali, akakohoa, akamwinamia kaka yake na kumuuliza taratibu kama anavyoulizwa mtoto: kaka, moyo wako unataka kukaa wapi?

Mkono ukapanda. Habitation!

"Makazi ya kudumu!" wakaitikia wote, wenye mvi na wenye vipara, mpaka bata wa Skola wakaruka. Halafu wakasikia walichokisema. Vigelegele vikapasuka. Shangazi mmoja akasimama kucheza. Skola akajifunika uso kwa khanga, na sijui kama alikuwa analia au anajificha nisimwone.

Betram hakupiga kelele. Alisubiri watulie. Akasema makazi ya kudumu yanaweza kuwa popote, na hata hivyo yeye anataka kujua jambo moja tu. Akanigeukia. "Madam, wewe unakaa naye hapa. Unamsikia kila siku. Nakuomba kwa jina la Mungu wako. Baba ametujibu?"

Ujanja wa mpangaji ukaniishia hapo. Watu wote wananitazama, na Skola amefunua uso.

Nilifikiri kusema ndiyo. Ilikuwa neno moja tu, na mgongo wa Skola ungeuma lakini nyumba ingebaki na watu. Nilifikiri pia kusema sijui. Sijui ndiyo neno langu la siku zote, limenivusha mengi. Lakini mtu akikuuliza kwa jina la Mungu, tena mtoto anauliza habari za baba yake, utamdanganyaje? Mimi sikuweza.

Nikasema hapana. Nikasema Mwalimu hajibu, anafundisha. Lile ndilo lililokuwa zamu yake, na angeulizwa bei ya vitunguu angesema hilohilo. Habari za asubuhi sikuzisema. Hakuniuliza mtu, na sikuona sababu ya kumvua nguo Skola mbele ya ukoo na majirani.

Upepo tu, na nailoni ya lile godoro kule kwenye gari inapigapiga.

"Haya, Madam," Skola akasema. "Na usipa niliokupa umekula."

Sijui kama nimewahi kuambiwa jambo likaniingia hivyo. Nilitazama chini. Miguu yangu ilikuwa na vumbi.

Betram akasimama. Akasema kama baba hawezi kuamua, basi mtoto wa kwanza ataamua, na wataondoka kesho kabla jua halijawa kali. Hakufurahi. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Watu wakaanza kunong'ona, na wengine walikuwa wameshaanza kukunja mikeka, ndipo Mzee Kosmas akauliza, bila hata kusimama:

"Huko Mkumbi, Betram, akisema nani atamwitikia?"

Watu wakatulia. Nadhani hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata mimi mwenye dirisha. Kule milimani hakuna aliyelima shamba la Mwalimu Otmari. Wamatengo wa watu wana walimu wao.

"Mimi," akasema Betram. "Nitamwitikia mimi."

Nilidhani hayajui. Kwa gari lile na shati lile nilimwona kama mtu aliyekwisha kusahau. Lakini akavua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya kiti cha baba yake, akamshika goti lile lililokufa. Watu wote wakanyamaza kumpisha. Hata watoto.

"Baba," akasema. "Sema."

Mzee akamtazama. Mkono wa kushoto ukapanda.

Congratulation!

"Hongera, piga makofi!" Betram akaitikia peke yake, kwa sauti kubwa, sauti ya darasani kabisa, na akapiga makofi peke yake, pa, pa, pa.

Mkono haukushuka.

Mwalimu akarudia. Congratulation. Betram akaitikia tena, safari hii kwa nguvu mpaka mshipa wa shingo ukasimama, akapiga makofi. Mzee anamtazama vizuri tu, kwa upendo hata, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyepata. Kisha macho yakampita begani, yakaenda kwetu, mstari kwa mstari, akituhesabu. Akarudia mara ya tatu, na sauti ilikuwa inapungua.

Hakuna aliyefungua mdomo. Si kwa ubaya. Walikuwa wanampa Betram nafasi yake. Skola ameuma pindo la khanga, machozi yanamtoka, na yeye pia hakusema. Nilielewa hapo kwa nini mzee hasemi ndani ya nyumba. Hewa haikuhusika hata kidogo; ndani ni sauti ya Skola peke yake.

Mkono ulianza kutetemeka. Ni mkono pekee alionao.

Betram aliutazama ule mkono kwa muda. Halafu akageuka, bado yuko magotini, na uso wake sitauelezea hapa kwa sababu si mali yangu. Akasema, "Itikieni, jamani. Mkono unamuuma."

Wakaitikia. Baraza zima, ua mzima, na waliokuwa nje ya uzio. Makofi yakapigwa. Na mimi nilipiga, mtu wa Kondoa. Mkono ukashuka taratibu ukatua kichwani kwa Betram, maana kichwa kilikuwa palepale. Mzee akacheka, akavuta pumzi, akaendelea na neno linalofuata.

Hakuna aliyetangaza uamuzi. Mzee Kosmas alisali tena, watu wakatawanyika, shangazi wakaingia jikoni. Baadaye nikamwona Betram anachana nailoni kwa meno, anabeba lile godoro kichwani, na Skola anamfungulia mlango wa chumba cha baba. Waliingia pamoja. Nikawasikia wanabishana kitanda kielekee upande gani, kisha wanazungumza kwa sauti ya chini, kuhusu mtu wa kumnyoosha viungo kama anaweza kuletwa huku, kuhusu msichana wa kumsaidia Skola kunyanyua. Peaceful negotiation. Nikaondoka dirishani.

Skola hajanisemesha. Amepita na sufuria mbele ya mlango wangu, hakugeuka. Sitaenda kumwomba msamaha kwa kusema kweli, lakini kesho nitaamka mapema nimsaidie kumnyanyua mzee, atake asitake, na akinifukuza nitakuwa nimefukuzwa.

Betram anaondoka alfajiri, kahawa haisubiri. Nilikwenda kuchota maji nikamkuta ameegemea gari, hafanyi chochote, anatazama ziwa lilivyochafuka. Nilimwamkia, nikataka kupita. Akaniita.

"Madam, mimi nilikuwa mstari wa mbele," akasema. "Kila siku. Hakuna siku nilikosea." Akafuta pua kwa mkono wa lile shati. "Leo uliniona nilikosea?"

"Hukukosea, kaka Betram. Hata neno moja."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia, na akaniuliza tena.